Mama Samadi Anastaafu, Ndago Zinashangilia

Miaka ishirini na tisa na miezi minne baada ya kukabidhiwa ufagio wake wa kwanza, Mama Samadi atavua buti za kazi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, na kuiaga kampuni yetu ya kutunza nyasi za majumbani. Habari hizi zimepokelewa kwa huzuni na wafanyakazi wote, na kwa shangwe na magugu yote ya mji huu. Ndago hasa, nasikia zimeshaunda kamati ya maandalizi.

Anayeandika ni mkuu wa Kitengo cha Dawa, yaani yule bwana mnayemwona kila asubuhi na bomba la dawa mgongoni na barakoa usoni. Meneja alinipa kazi hii ya kuandika programu ya sherehe ya kumuaga, kwa maelekezo mafupi: nusu ukurasa, maneno matamu, na nisichimbe sana historia. Kwa maneno mengine, nimvike mama wa watu kilemba cha ukoka. Hapana jamani. Ukoka tumeupanda, tumeumwagilia, na mara nyingi tumeuua kwa mikono yetu wenyewe, lakini kuushona kilemba sitaweza.

Kamati ya sherehe ilimuuliza Mama Samadi angependa zawadi gani. Yeye akajibu kwamba saa ya ukutani anayo, na inatembea. Anachotaka ni karatasi moja tu itolewe kwenye jalada lake la utumishi: barua ya onyo aliyoandikiwa miaka tisa iliyopita, inayosema kwamba alifanya uzembe. Chuo cha bustani kinamtaka akafundishe, ila kinasubiri barua ya mwajiri kuhusu mwenendo wake kazini, na ofisi yetu inasema haiwezi kumsifu mtu ambaye jalada lake linasema mzembe. Kamati ilikaa, ikatafakari kwa kina, ikaazimia kununua saa kubwa zaidi.

Tuanze basi na historia niliyokatazwa. Mama Samadi aliajiriwa kufagia. Wiki yake ya pili, katika kikao cha asubuhi, alinyoosha mkono na kuuliza kwa nini tunakata nyasi za mteja, tunazipakia kwenye lori, tunazimwaga jalalani, halafu mwezi unaofuata tunarudi kwa mteja yuleyule na magunia ya mbolea ya dukani kwa sababu eti udongo wake umechoka. Meneja, ambaye enzi hizo alikuwa msimamizi na alikuwa bado na nywele, alimjibu kwamba swali ni zuri sana na korido ya pili bado haijafagiliwa.

Alifagia korido. Kisha akamwomba dereva wa lori asiende tena jalalani, amwage zile nyasi nyuma ya gereji. Akachanganya na majani makavu, maganda ya jikoni na samadi ya ng'ombe wa mfugaji jirani, akawa analipindua lile rundo kila wiki kwa uma wa bustani huku sisi wanaume tukimwangalia na vikombe vya chai mikononi. Mhasibu, ambaye dirisha lake lilitazama huko, aliandika barua tatu za malalamiko kuhusu harufu, na ndiye aliyempa jina la Mama Samadi, akidhani anamtusi. Miezi ilipopita rundo likageuka mboji nyeusi, laini, isiyonuka kitu ila udongo baada ya mvua. Mhasibu akaonekana nyuma ya gereji na ndoo mbili, anaomba kidogo ya maua ya mkewe. Alipewa, na ndoo akabebewa.

Wateja walipoanza kuiulizia ile mboji, uongozi ukaona aibu na kuunda Kitengo cha Asili. Kitengo hicho kilikuwa na mkuu mmoja, naibu mmoja na kibarua mmoja, na wote watatu walikuwa Mama Samadi. Kitengo changu cha Dawa kilikuwa na watu kumi na wanne na malori mawili.

Tulimcheka, tena mimi niliongoza kwa sababu nina sauti kubwa. Wateja wetu, Mungu awaweke, wanataka nyasi zinyolewe kipara, halafu wanashangaa jua linapochoma kichwa. Mama Samadi alipandisha kisu cha mashine, akaziacha nyasi na urefu wa vidole vinne ili kivuli chake kiinyime mwanga mbegu ya gugu iliyolala chini. Nyasi alizokata aliziacha palepale zioze, zikawa mbolea. Maji alitaka yamwagwe mara moja au mbili kwa wiki, yashuke hadi kwenye mizizi, si kurashiarashia kila jioni kama mtu anayepiga pasi. Pale udongo ulipokuwa mgumu aliudunga kwa uma, akanyunyiza mboji iliyochekechwa, akapanda mbegu kwenye kila kipara. Alikuwa akisema nyumba iliyojaa haina kitanda cha mgeni asiyealikwa. Sisi tukasema mama huyu anachelewesha maendeleo.

Kuna mteja wake mmoja, daktari wa meno, aliyekuwa akikata ndago kwa panga kila Jumapili na kuzikuta zimerudi Jumatano. Mama Samadi alichuchumaa, akaifukua moja taratibu hadi kwenye kijipu cheusi, yaani kile kiazi kidogo cha ndago kinachokaa chini kabisa, akamwekea kiganjani. Halafu akamuuliza kama naye, akiwa kazini, huvunja jino juu na kuacha mzizi ndani. Daktari aliona haya, akanunua uma. Hadi leo hii hataki bomba langu livuke geti lake, na mimi nikipatwa na jino inabidi niende kwa daktari mwingine.

Sasa tufike kwenye unga. Mama Samadi ndiye aliyegundua kazi ya ule unga wa manjano unaobaki kiwandani mahindi yakishatolewa wanga. Ukiutandaza kwenye nyasi kabla ya mvua, mbegu ya gugu inayotaka kuota inashindwa kushika mizizi, inakauka. Nyasi zilizokwisha kukomaa haziguswi, na unga wenyewe unaoza na kuzilisha. Ila una sharti moja: haujui mbegu ya adui na mbegu ya rafiki. Ukipanda mbegu za nyasi, unga usiuguse uwanja huo msimu mzima. Sharti hilo aliliandika kwa herufi kubwa nyekundu na kulibandika kwenye mlango wa stoo, mahali ambapo hata kipofu angegonga pua.

Miaka tisa iliyopita binti wa Mkurugenzi wetu alitaka kufungia harusi yake uwanjani nyumbani kwa baba yake. Uwanja ule ulikuwa umejaa vipara, kazi ya mashine zetu na bomba langu, na harusi ilikuwa imebaki miezi miwili. Mama Samadi alikuwa likizo, anamuuguza dada yake. Meneja akaona hapa ndipo pa kupandia cheo. Akaagiza mbegu bora za nyasi zimwagwe uwanja mzima ili zijaze vipara, na siku hiyohiyo unga wa manjano umwagwe juu yake ili magugu yasiote. Mambo mawili mazuri kwa pamoja, alisema, matokeo yatakuwa mazuri mara mbili.

Mbegu zikafa zote. Si nusu, zote. Vipara vya uwanja wa Mkurugenzi vikabaki vitupu kama meza. Meneja akakodi zulia la plastiki la kijani, likatandikwa siku chache kabla, na waliokuja kulitazama wakaanza kusifia. Kumbe kuna kitu kimoja ambacho unga haukizuii, kwa sababu hakioti kwa mbegu bali kwa kile kijipu cha chini. Siku ya harusi ndago zilikuwa zimetoboa zulia kila mahali, ncha kali zimesimama wima, na bibi harusi aliingia akiruka kama anayevuka mfereji. Mama mkwe alikaa kwenye zulia kupiga picha, akainuka haraka kuliko alivyokaa.

Nilicheka siku ile. Jumatatu iliyofuata sikucheka tena, kwa sababu Mkurugenzi alitaka jina la mtu. Meneja akaandika ripoti kwamba Kitengo cha Asili kiliacha unga bila maelekezo. Chini ya ripoti palihitajika shahidi, na shahidi aliyesaini ni mimi. Mama Samadi alirudi kutoka likizo, dada yake ameshazikwa, akakuta barua ya onyo mezani na kitengo kimefungwa. Akahamishiwa stoo kugawa buti na glavu. Alikaa huko miaka minne.

Wengi wenu mnajua kilichofuata. Wateja, wakiongozwa na daktari wa meno, walizira, wakamtaka mama wao, na kitengo kikafunguliwa kimyakimya bila mtu kuomba radhi. Leo Kitengo cha Asili kina wafanyakazi ishirini, changu kina watano, na Meneja huzunguka kwenye semina akieleza jinsi alivyobuni falsafa yetu ya asili. Anaieleza vizuri. Picha ya rundo la mboji anayoonyesha ukutani aliipiga mhasibu. Barua ya onyo, hata hivyo, ilibaki jaladani.

Meneja alidhani nitaishia hapo, ndiyo maana hakuona haja ya kuipitia programu hii kabla ya kwenda kuchapwa. Alisema ananiamini, maana tumetoka mbali. Ni kweli, tumetoka mbali. Aliyemwaga mbegu na unga siku ile ni mimi. Amri ilikuwa yake, lakini mikono ilikuwa yangu. Sharti la kwenye mlango wa stoo nililisoma lote, nikasimama nalo kama dakika nzima na gunia begani, nikaingia. Nilijua mbegu zitakufa. Nilijua pia kwamba zikifa atalaumiwa Mama Samadi, na kwamba kitengo chake kikifungwa changu kitanenepa. Wala sikushurutishwa. Nilikuwa na kijicho na mama aliyeanza na ufagio akanipita, basi.

Wiki mbili zilizopita nilishindwa kulala na hili jambo, nikamfuata nyuma ya gereji, nikamwambia yote. Aliendelea kupindua rundo lake mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia kwamba anajua tangu siku yake ya kwanza stoo. Alifungua daftari la kutolea vifaa akakuta mbegu na unga vimechukuliwa tarehe moja, saini moja, yangu. Nikamuuliza kwa nini hakulipeleka daftari kwa Mkurugenzi. Alisema alilipeleka kwa Meneja, maana ndiye mkubwa wake, naye akamwambia wasifufue maiti. Baada ya hapo akaona aningoje, maana mimi mwenyewe nina mdomo.

Miaka minne, jamani! Kila asubuhi nilipanga foleni kwenye dirisha lake la stoo, naye alinipa buti zilizopanguswa, akaniuliza watoto wameamkaje, nami nikamjibu hawajambo, mama, asante. Sijui aliwezaje. Mimi nisingeweza, ningelimpa mtu yule buti zenye nge ndani.

Jumatatu nimempelekea Mkurugenzi maelezo yangu yenye saini, pamoja na lile daftari, na nakala nimempelekea mkuu wa chuo cha bustani. Mkurugenzi ameniambia atatoa uamuzi wake wakati unaofaa. Kwa heshima zote, mzee, wakati unaofaa ni leo. Umekaa safu ya mbele, Mama Samadi yuko kushoto kwako, na jalada nimemwomba karani aliweke kwenye meza ile yenye saa kubwa. Kuhusu mimi, najua huenda programu ya kuniaga ikachapwa mapema kuliko nilivyopanga, na nusu ukurasa utatosha.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa mboji, kwa mashimo ya uma, kwa vidole vinne vya nyasi na kwa maswali yaliyotukera. Kwa niaba yangu peke yangu, nilikukosea nikijua ninakukosea, na ninaomba unisamehe, ukiweza na utakapoweza. Tunakuombea afya, miguu isiyouma na usingizi wa mtu asiyedaiwa neno na yeyote. Nenda kafundishe. Na ukifika kwenye somo la unga na mbegu, usiwaambie wanafunzi palikuwa na fundi mmoja. Nitaje.