Walikunywa Chai Yangu Wakinijadili

Msinipe pole. Nimeshapewa za kutosha, na nyingi zilitoka kwa watu walionificha ugonjwa wangu mwenyewe.

Mie, kina mama wenzangu mliokusanyika hapa, nang'arisha vinyago pale Mwenge. Miaka mitatu iliyopita nilipasuliwa saratani ya ovari, nikamaliza dripu zote za dawa ya saratani, nywele zikaota upya. Mwaka huu tumbo likaanza kujaa tena. Nikapimwa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akasema, "Wewe pumzika, majibu nitafuata mie." Nikamshukuru! Akarudi akasema ni vidonda vya tumbo. Wiki mbili nzima nikanywa dawa ya vidonda.

Jumapili moja wakwe na mawifi wakajaa sebuleni kwangu. Nikaambiwa wanapanga harusi ya mtoto wao. Nikawapikia chai. Narudi na sinia la maandazi, namsikia wifi: "Saratani imerudi. Dripu zitamtesa bure, apelekwe kwa mtu wa mitishamba." Mwingine akajibu bora nirudishwe kwetu Songea. Mume wangu anatazama vidole vyake vya miguu.

Nikaliweka sinia chini. "Shikamooni wazee. Maandazi haya hayaliwi mpaka nipewe majibu yangu."

Shemeji akaanza, "Shem, tulikuwa tunakulinda..."

"Mlinzi gani anamfungia mwenye nyumba nje?"

Akatoa karatasi mfukoni. Imekunjwa mpaka imechakaa! Ndugu zangu, niliikunjua nikaisoma mbele yao wote.

Kesho yake nikaenda kwa daktari mwenyewe. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema saratani hii haitarajiwi kupona kabisa, ila dripu zinaweza kuirudisha nyuma kwa muda. Au nizikatae, nitibiwe maumivu tu. Nililia pale pale kwenye kiti chake, kisha nikachagua dripu. Nikisema basi, itakuwa basi yangu mie.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru jirani anayenishikia beseni nikitapika na haniulizi kitu. Mume wangu? Siku hizi ananisindikiza. Sijamsamehe bado, na msinihimize.

Nawaambia, majibu yako kachukue mwenyewe, hata kwa kutambaa. Na wewe uliyekaa humu ukiwa na karatasi ya mtu kwenye pochi, unajijua. Mpelekee leo, akiwa bado ana nguvu za kukugombeza.