Unakwenda Wapi? Miaka Thelathini na Minne ya Mzee Nedyalko

Jumatano tarehe 30 Aprili, saa kumi na moja jioni, Mzee Nedyalko Stamenov atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho hapa kwenye karakana yetu ya matairi, mjini Kazanlak, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliingia akiwa kijana wa kuziba pancha, anatoka akiwa mkuu wa karakana. Katika miaka yote hiyo hakuchelewa hata siku moja, na kikombe chake cha kahawa hakukiosha hata siku moja. Mimi, Yordanka wa mapokezi, niliyefanya kazi naye miaka kumi na tisa, ndiye niliyetwishwa mzigo wa kuandika haya.

Mteja anapoingia kwetu huanza kusifia gari lake. Mzee Nedyalko hakuwahi kulitazama gari kwanza. Alimtazama mtu, akamwuliza, "Unakwenda wapi?" Na mtu akianza kusimulia milima atakayopanda akipata nafasi, alimkatiza: "Sijakuuliza unakotamani. Nimekuuliza unakokwenda."

Bwana Tihomir, muuza mafuta ya waridi, alikuja mwaka mmoja na gari la kupanda milima la miaka ishirini, akitaka matairi ya mlimani yenye meno makubwa.

"Mara ya mwisho ulikanyaga tope lini?" Mzee akamwuliza.

Tihomir akakuna kichwa. "Nilipokuwa naliosha."

"Basi unataka kununua kelele."

Aliondoka na matairi ya barabara kuu, amenuna. Wiki iliyofuata alirudi na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, akakiri kwamba sasa anasikia hata mkewe anachosema garini, ingawa hakuwa na hakika kama hiyo ni faida.

Mzee alitufundisha kwamba gari la zamani linataka adabu. Kipimo cha tairi usome kwenye kibandiko cha mlangoni kwa dereva, si kwenye tairi ulilolikuta, maana hujui mwenye gari wa kwanza alifunga nini. Hakikisha tairi linaweza kubeba uzito wa gari. Mifereji yake iwe mipana, iyatoe maji mvua inapokukuta kwenye mwendo. Badilisha yote manne kwa pamoja, kwani gari linalosukuma kwa magurudumu yote halipendi kuwa na mguu mmoja mfupi. Kubwa kuliko yote, soma zile tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, ujue limezaliwa lini. "Tairi halizeeki kwa kutembea tu," alikuwa akisema. "Huzeeka na kwa kusimama."

Kisha alikuwa akibonyeza mpira kwa ukucha; ukucha usipoingia, mpira umekauka. Tairi alilolikataa alilichora alama kubwa ya X kwa chaki nyeupe, mtu asije akashawishika kulirudisha barabarani. Padri wetu aliwahi kuchorewa X nne siku moja kabla ya Pasaka, gari limejaa mayai mekundu ya sikukuu, ikabidi ibada aiendee kwa miguu.

Lakini kinyozi hajinyoi. Miaka kumi na moja iliyopita Mzee na mkewe Radka walikuwa na mpango wa kuitengeneza nyumba ya wazazi wa Radka, kijijini kule juu ya mlima, waje kuzeekea huko. Akafunga kwenye Pajero yake matairi ya mlimani, ya meno. Radka alifariki kabla ya majira ya baridi kwisha. Tangu hapo gari lile limekwenda nyumbani na kazini tu, kwenye lami, likivuma kiasi kwamba nilikuwa nalisikia tangu kona ya soko na kuweka kahawa jikoni. Meno hayakuisha. Mpira ulikauka, ukapasuka kati ya meno, na sisi mafundi wa matairi tukakaa kimya. Nasema wazi kwamba tuliona haya kumwambia.

Tulipoamua kumpa matairi mapya kama zawadi ya kumuaga, tukagombana. Slavcho, fundi wake wa siku nyingi, alitaka yaleyale ya mlimani.

"Tukimletea mengine ni kama tunamwambia Radka hayupo," alisema.

"Hayupo, Slavcho," nikamjibu. "Na Galina kila Jumapili anampigia simu aende kwake Burgas. Unataka aishike barabara kuu na yale yaliyopasuka?"

Galina ni binti yake Mzee, anayeishi Burgas, mbali huko pwani. Niliogopa kwamba Mzee angeondoka kwetu kwa shangwe, na habari zake za pili tungezipata hospitali.

Basi Jumatatu nilimpelekea kahawa uani, akiwa amesimama kando ya Pajero.

"Mzee Nedyalko, unakwenda wapi?"

Akacheka. "Umeniibia swali langu, wewe."

"Sijakuuliza unakotamani," nikasema.

Mzee akachuchumaa, akabonyeza ukucha kwenye mpira, haukuingia. Akazisoma zile tarakimu nne polepole, kama za gari la mtu mwingine.

"Kule juu nimeacha kufuli tu, binti yangu," alisema. "Hakuna anayeningoja. Burgas kuna mjukuu anauliza babu anakuja lini."

Akatoa chaki mfukoni. Akachora X ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye la nne aliweka kiganja juu ya tairi, kisha akachora. Alipoinuka alikuwa bosi wetu tena: "Niletee ya barabara kuu. Yawe na alama ya theluji, baridi ya huku haina adabu. Na usinifungie ya mwaka juzi ukadhani sitasoma!"

Slavcho ameshayafunga. Yalizaliwa wiki ya sita ya mwaka huu, na Mzee amesoma, mara mbili.

Jumatano nitasimama langoni na jagi la shaba, nimwage maji mbele ya magurudumu yake, njia yake iteleze kama maji, kama tunavyomfanyia kila anayeanza safari. Mzee wetu, asante kwa kila X uliyochora. Kuna watu walio hai leo kwa sababu ya chaki yako. Tunakuombea afya, mjukuu msumbufu, na miaka mingi ya kutoamka alfajiri. Ila mpigie Galina simu kabla hujatoka. Matairi haya hayavumi, hatakusikia ukija. Mwambie akungoje mlangoni.