Maman Eulalie na Saa Yake ya Jioni

Baba padri, wakwe zetu wa ukoo wa Bisimwa, walimu, wanakwaya, majirani wa Kadutu, nyote mliopanda kilima hiki katika matope ya Machi, mimi ni Apollinaire Zagabe, kaka mkubwa wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha Kifaransa changu mbele za watu bila huruma, leo mkisikia kosa mnivumilie, maana mwalimu mwenyewe amelala hapa mbele yetu.

Eulalie Bintu alizaliwa Kalehe tarehe 17 Agosti 1955, binti wa kwanza wa katekista Marcellin Zagabe na Maman Rosalie, akasoma shule ya msingi kulekule Kalehe kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akaja hapa Bukavu kwa masista, ambako alipata diploma yake ya Serikali mwezi wa Julai 1974. Kwa masista hao ndipo alipofundishwa kupiga kinanda cha kukanyaga, na ndipo alipojiwekea shabaha moja ambayo hakuiacha tena, nayo ni kutunga Misa nzima kwa Mashi, lugha ya kwetu, kuanzia Bwana Utuhurumie hadi Mwanakondoo wa Mungu, iimbwe na watu wa kwao kwa sauti za kwao. Alipoondoka, masista wakampa kinanda kizee kinachokunjwa kama sanduku, akarudi nacho nyumbani, na Baba yetu, aliyetegemea binti arudi na cherehani, akakizunguka mara mbili.

Tarehe 2 Septemba 1974 alianza kazi ya ualimu katika shule moja ya msingi huku Kadutu, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomlaza, na mwaka 1990 akafanywa mkurugenzi. Ninyi wazazi mnajua ile miaka ambayo Serikali haikulipa, jinsi alivyofundisha asubuhi, akauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mchana mbele ya nyumba, akafua, akapika, akasahihisha madaftari, na bado watoto wenu wakajua kusoma.

Mwezi wa Juni 1979 wakwe zetu walikuja Kalehe kuzungumza mahari, na nyinyi wazee mliokuwapo siku hiyo mtanishuhudia. Ng'ombe walipokwisha kukubaliwa, binti aliulizwa kwa desturi kama ana neno, sote tukingojea aseme kitenge au viatu, naye akasema anataka saa moja nzima kila jioni, kuanzia kumi na moja hadi kumi na mbili, ambayo hataitwa na mume, wala mtoto, wala mgeni, kwa sababu ya kinanda chake, na iandikwe pamoja na mahari. Ebu, jamani! Baba aliinamisha kichwa kwa aibu, shangazi zetu wakashika midomo, lakini baba mkwe, Muzee Bisimwa, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Iyi ngombe haikulaka majani, tunaitika," yaani saa ile ni ng'ombe asiyekula majani, wamekubali.

Basi tarehe 28 Julai 1979 akafunga ndoa takatifu na Grégoire Bisimwa, karani wa posta, na Mungu akawajalia watoto wanne, Delphine aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1980, Yannick tarehe 3 Februari 1983, Carine tarehe 20 Oktoba 1986 na Chris tarehe 8 Januari 1991. Watoto hao walifundishwa kumwambia mgeni wa saa kumi na moja kwamba "Maman haiko", nao walisema hivyo kwa adabu kabisa wakati kinanda kikilia nyuma ya mlango wa jikoni, na hata mimi, kaka yake, niliyetoka Kalehe na kuku mkononi, nilikalishwa nje. Shemeji yangu Grégoire alinung'unika miaka mingi, chai yake imechelewa, shati lake halina kifungo, na mara nyingi aliniuliza ni mahari gani ile tuliyomfunga nayo.

Lakini tarehe 29 Oktoba 1996, mabomu yalipokuwa yakianguka mjini na kila mtu akishika alichoweza kushika, dada yangu alitangulia na watoto, akimwachia mumewe abebe godoro na maharagwe, na walipokutana barabarani aliona Grégoire anakuja ameinama, amebeba kinanda mgongoni. Alimgombeza mbele ya wakimbizi wote, "Grégoire, batoto batakula kinanda?", na Grégoire, aliyekuwa akihema, akamjibu kwamba hakuweza kubeba vyote, na godoro halikuwemo katika mahari.

Walipokelewa Lwiro na familia moja yenye moyo, na mwezi wa Novemba Chris alipopatwa na malaria kali, dada yangu mwenyewe alikitoa kile kinanda, akapewa dawa na maharagwe, mtoto akapona, ndiye yule pale amesimama karibu na dada zake. Hakulia mbele yetu. Waliporudi Bukavu mwezi wa Desemba walikuta nyumba imekombwa, imebaki meza ya jikoni iliyovunjika mguu, na jioni ile ile, saa kumi na moja, alifunga mlango, akaketi mezani, akaanza kupiga mbao kwa vidole huku miguu ikikanyaga hewa chini, na nje watoto wakaendelea kusema Maman haiko. Tangu siku hiyo Grégoire hakunung'unika tena. Juu ya meza hiyo, katika miaka ya vita vya pili, vile vilivyoanza 1998, dada yangu alitunga karibu Misa yote, akiifundisha kwaya kwa mdomo, Jumamosi kwa Jumamosi, ila Mwanakondoo wa Mungu ndiyo iliyomkataa.

Mwezi wa Mei 2000 alianza kuugua kansa ya titi, barabara zilikuwa zimefungwa na dawa zilikuwa haba, akalazwa tarehe 15 Januari 2001. Kila jioni saa kumi na moja alipiga vidole juu ya shuka akiimba kwa sauti ndogo, Delphine akiisikiliza na kuirudia, na mlangoni alisimama Grégoire, akiwaambia wageni, na siku moja hata muuguzi aliyeshika sindano, "Maman haiko, mutarudia saa kumi na mbili." Tarehe 27 Februari Mwanakondoo wa Mungu ikakamilika, na siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 2001, saa nne asubuhi, akatuacha.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia kwa kidogo walichokuwa nacho, majirani waliopika na kuchota maji, walimu wenzake, na wanakwaya, ambao baada yangu wataimba Misa yake, nzima, kwa mara ya kwanza.

Limebaki neno moja la desturi. Wakwe zetu, mnajua kwamba mke akifa, upande wetu husimama kabla ya kaburi kuuliza kama mahari ilikwisha kulipwa yote, nami nimewaona tangu asubuhi mkiniangalia kwa wasiwasi. Shemeji Grégoire, simama. Ukoo wa Zagabe unasema mbele ya watu wote kwamba ile saa uliilipa, kila jioni, mpaka mlangoni pa hospitali, na hatukudai kitu tena.

Dada yangu, pumzika sasa kwa amani, hakuna atakayekuita.