Barraza Yumo Kila Mahali

Kijiwe chenyewe ni benchi la saruji lililopasuka mbele ya duka la fotokopi, ng'ambo ya geti la chuo kikuu, Montería. Mama Candelaria huegesha hapo kigari chake cha chupa za kahawa, na jua la mji huu halijali kama wewe ni profesa au mfagizi. Alasiri hiyo walikuwapo wawili: Kambare, mtafiti wa samaki wa mto Sinú, na Saruji, mhandisi. Yamile Cuesta alivuka barabara akaketi bila salamu. Hapo wanamwita Mama Migomba, maana ujana wake wote kaumalizia mashambani akihangaika na ugonjwa unaonyausha migomba.

Kambare: Mama Migomba, mbona umefura hivyo? Kamati ya utafiti imesemaje?

Yamile: Mkataba wangu basi, hawauongezi. Shamba langu la majaribio wanaling'oa, na miche ndiyo kwanza imeanza kuushinda ugonjwa. Eti sitajwi.

Saruji: Hutajwi na nani?

Yamile: Na wasomi, kwenye makala zao. Nikawaambia wakulima wananitaja, wengine wamewapa mabinti zao jina langu. Mwenyekiti akasema hao hawahesabiki.

Kambare: Na nishani ya mtafiti bora kapewa nani?

Yamile: Profesa Barraza. Katajwa mara elfu saba. Kwenye samaki yumo, kwenye zege yumo, kwenye meno yumo. Mwezi jana kaandika hata ya migomba.

Kambare: Yule? Ndizi anaijua ikishapondwa na kukaangwa.

Saruji: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yamile: Hiyo inaingiaje hapa?

Saruji: Inaingia vizuri. Jamaa haandiki mwenyewe. Ana nyumba mjini Barranquilla, kaijaza wanafunzi, wanalishwa wali wa nazi na kuandika mchana kutwa. Mlango una kufuli.

Kambare: Nyumba gani, bwana. Wako Barraza watatu, mapacha. Mmoja wa samaki, mmoja wa zege, mmoja wa meno. Ndiyo maana ukikutana naye hakukumbuki.

Saruji: Basi wa zege kashakufa. Kafa kitambo, kompyuta yake ndiyo haijaambiwa.

Kambare: Na aliyevishwa nishani leo?

Saruji: Wa meno huyo.

Mama Candelaria alicheka mpaka akamwaga kahawa. Yamile hakucheka. Alikuwa na hasira ya kuuma meno, na mzaha ule ulimzidishia.

Yamile: Nataka kujua kitu kimoja tu. Hao wanaomtaja ni akina nani? Nionyesheni mmoja, nimtukane hadharani.

Kambare: Watu wa Bogotá. Wale hawana haya.

Saruji: Wanalipwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Yamile: Wezi. Wezi na vibaraka. Wao ndio walioninyang'anya shamba langu.

Ndipo akafika mwanamke aliyevaa sweta kwenye joto lile. Alikuwa Rosaura Chingal, mwalimu mpya wa somo la udongo, katoka Pasto, kwenye milima ya baridi, wiki iliyopita. Akaomba kahawa isiyo na sukari, kisha akawageukia kwa adabu za kwao.

Rosaura: Samahanini walimu wangu. Kamati imenirudishia makala yangu. Wanasema makala ya chuo hiki haipiti mpaka imtaje Profesa Barraza walau mara tatu. Ni kweli?

Saruji: Ndiyo desturi, dada. Mchomeke mwishoni, hakuna anayeangalia. Sote tunafanya hivyo.

Alilisema kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Rosaura: Nimeelewa. Ila mtu sijamsoma siwezi kumtaja. Katika makala zake mlizozitaja ninyi, ipi nzuri nianze nayo?

Kambare alitazama geti. Saruji akaanza, "Ile ya...," kisha akamnyooshea Mama Candelaria kikombe aongezewe kahawa. Yamile alihisi hasira yake imebaki mkononi, hana wa kumpiga nayo. Hakuna makala yake mwenyewe hata moja ya migomba iliyotoka bila kumtaja Barraza, tangu ile ya kwanza kabisa. Alikuwa akimchomeka na kuendelea na kazi, kama mtu anavyolipa kiingilio, na hakuwahi kufungua hata ukurasa mmoja wa huyo Barraza.

Rosaura akamgeukia yeye.

Rosaura: Mwalimu Yamile? Hata moja tu, ya kuanzia.

Yamile akasogea kwenye benchi, akampisha akae, amwambie ukweli.