Mama Futi na Kikombe cha Udongo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupanga vyumba vya maonyesho katika jumba letu la makumbusho, Mama Futi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa karakana, maana hata akienda msibani futi ya kupimia haikosi mkobani. Wenzake wamenituma mimi, mjukuu wake, niandike, eti kalamu yangu inaongea kuliko mdomo. Ni kweli.

Alianza kwa kupaka rangi kuta, akajifunza kukata vioo, kisha taa, mwisho akawa msanifu mkuu. Ana desturi yake: kabla ya makabati ya vioo kuingia, hupanga maboksi matupu mahali pake, halafu huzunguka chumba kizima kwa magoti. Mtoto ndivyo anavyoona, husema. Nakiri, zamani nilimwonea haya.

Mwaka huu yalikuja maonyesho ya vyombo vya kale, yanayosafiri nchi hadi nchi. Magoti yalikuwa yanamsumbua, akapima akiwa amesimama. Chumba kikapendeza, makabati yakafungwa kwa muhuri wa lakiri yasifunguliwe tena. Mkuu wa jumba akasifu, na mgeni aliyesafiri na vyombo akasifu. Mimi nilikuwa nimekuja kuhakiki maelezo ya lugha mbili. Bibi akaninong'oneza nipige magoti mbele ya kikombe kikongwe kuliko vyote, chenye alama ya kidole cha mfinyanzi. Kesho yake wanafunzi mia mbili wangekuja kukiona.

Wakubwa wote walinitazama. Ilibaki kidogo niseme kila kitu ni sawa.

"Bibi, sioni kikombe. Naona taa tu kwenye kioo."

Hakutafuta wa kumsingizia. Alimwambia mkuu, mgeni akisikia, kwamba safari hii alikwepa kupiga magoti. Mgeni akaonya: lakiri ikivunjwa, kikombe kinarudi sandukuni. Basi haikuguswa. Seremala akaunda kijukwaa cha ngazi moja, taa zikageuzwa kidogo kidogo, nami nikapiga magoti mpaka nikachoka kuhesabu.

Asubuhi mtoto wa kwanza alipanda, akaweka kidole kwenye kioo, sawasawa na alama ile. Mlinzi alikuja na kitambaa afute alama ya mtoto. Bibi akamzuia mpaka saa ya kufunga.

Asante, Mama Futi, kwa kila chumba. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na usingizi wa kutosha. Magoti yako yapumzike sasa. Ya kwetu yapo.