Nani Alikandamiza Kifua cha Menza?

Kling! Kikombe cha kahawa kiligonga saruji usiku ule baada ya isha, na kabla hakijamaliza kubingirika, Menza alikuwa amekwisha kufa. Ndivyo kinavyosimulia kijiwe cha Mikindani, nyuma ya karakana ya magurudumu, ambako malori ya Changamwe hupita yakitikisa benchi na waliolikalia. Alikufa, akarudishwa, akalazwa, na leo jioni yuko palepale pake, ubavu ukimuuma kila anapocheka. Na kijiweni hapa, kutocheka ni kazi. Kuna jina moja ambalo wenzake watatu wanalijua, naye analijua. Wanazungumza mengine yote ili lisitajwe.

— Kahawa yangu ndiyo iliyomrudisha, alisema Faki Redio, muuza kahawa, akiinua dele lake la kahawa. Ilimmwagikia kifuani ikiwa moto, moyo ukazinduka.

— Moto wapi, yakhe? alisema Tinga Injinia, fundi wa feni. Kahawa yako ya isha imepoa tangu magharibi.

— Na bado unainywa!

— Kilichomrudisha ni stima. Watu wa ambulensi walimbandika vitu kifuani, wakatufukuza sote, pu! Kama lori linavyowashwa kwa betri ya jirani. Huyu mzee sasa ana chaji. Menza, usiguse swichi kwanza.

— Nimegusa asubuhi.

— Ikawaje?

— Taa ikawaka.

— Si nimewaambia!

Ziro Wakili, ambaye hajasomea sheria ila hukata kesi zote za mtaa, aliinua kidole.

— Faki. Mwenzetu alipoanguka, wewe ulifanya nini? Sema mbele ya watu.

— Nilimlaza vizuri.

— Akielekea wapi?

Faki alikohoa.

— Kibla. Nilichanganyikiwa, wallahi! Mikono imezoea.

— Mzee wa kanisa huyu! Sasa tazameni. Malaika anafika, anakuta Mkristo ameelekezwa Makka. Anasema, hapa pana mkanganyiko, ngoja nirudi nikaulize. Alipokwenda kuuliza, ambulensi ikafika.

— Basi mimi ndiye niliyemwokoa!

Menza alicheka, akaushika ubavu. Ubavu ule ulikuwa na aliyeuumiza. Nyamvula, mkewe, alimweleza hospitalini, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Wakati Faki akitafuta kibla na Tinga akimnusisha kitunguu, mke wa mwana wao, Garama, alikuwa akirudi kutoka zamu ya kiwandani, huko Changamwe, ambako waliwahi kufundishwa huduma ya kwanza. Alitupa mkoba, akapiga magoti, akaweka viganja kifuani mwa baba mkwe wake, akakandamiza. Mbele ya wanaume wote. Wao ni watu ambao mkaza mwana hampi baba mkwe hata mkono wa salamu. Leso ilimwanguka, hakuiokota. Ziro alimpigia kelele: dada, huyo ni mkweo! Naye akajibu bila kuinua macho: pigeni simu, iletwe ambulensi!

Wote waliona. Wote waliamua kwamba hawakuona.

Na Menza mwenyewe, tangu harusi, hajawahi kulitamka jina la mwanamke yule. Alitaka Garama aoe karibu. Akikasirika humwita "yule wa bara". Akifurahi humwita "huyo". Kila jioni binti hupita ng'ambo ya barabara, hupaza shikamoo, na Menza huijibu akikitazama kikombe.

— Salaam aleikum.

Kijana mmoja mwenye sare ya ambulensi alikuwa amesimama mbele ya benchi.

— Aleikum salaam, alijibu Faki.

— Shikamoo mzee. Kumbe umerudi kwenye kahawa!

— Marahaba, alisema Menza. Sikukumbuki, mwanangu.

— Mimi Jafar. Ndimi niliyekutia mpira wa pumzi kooni.

— Hatukuamkiana vizuri siku ile.

— Ulikuwa umefumba macho, mzee.

— Bwana Jafar, alidakia Tinga, waambie hawa. Si stima iliyomrudisha?

— Stima, na mpira, na dawa tuliyotia mshipani. Lakini tulichelewa, malori yalikuwa yameziba njia. Moyo uliosimama ukiachwa hivihivi, mashine yetu haikuti cha kushtua. Wake tuliukuta bado unatetemeka, kwa sababu kuna mtu alikuwa akiisukuma damu kwa mikono yake. Tulipompokea akaingia gizani, hata ahsante hakungoja. Ndiye niliyemjia. Nani alikuwa akikandamiza?

Faki alilifuta dele lililokuwa safi. Tinga alizitazama nyaya za stima juu, moja moja. Ziro, ambaye hajashindwa kesi hata moja, alikunywa kikombe kitupu.

Ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye mkoba alikuwa akipita. Alikwisha kupaza shikamoo yake, na kama kawaida hakungoja jibu.

Menza alikiweka kikombe chini, taratibu, kisigonge. Akasimama, mkono ubavuni.

— Ni yule, alisema.

— Yule nani, mzee? aliuliza Jafar.

Menza alivuta pumzi mpaka ubavu ukalia. Kisha akaita, kwa sauti iliyoyapita malori:

— Selpher!