Hesabu Hadi Tano

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, binti mmoja, mwandishi mwanagenzi, alikuwa kwenye basi, akisikiliza kwa spika ya simu mahojiano yake na mwashi mstaafu. Mhariri alitaka mahojiano na mstaafu yeyote kufikia saa nne. Akikosa, angerudishwa kuchapa matangazo ya vifo.

"Mwanangu," mama aliyeketi kando yake akadakia, "unamuuliza mzee wa watu, unamjibia, kisha unamshukuru!"

"Akinyamaza naona aibu, mama."

"Nilizalisha wanawake miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kazi kubwa ilikuwa kungoja. Uliza, kisha hesabu hadi tano."

Binti akabonyeza kurekodi. "Mama, kwa nini ulistaafu?" Akahesabu kimoyomoyo.

Alipofika nne, mkunga akaanza kueleza. Kituo cha binti kikapita, cha mkunga kikafuata. Saa tatu kasorobo basi lilisimama kituo cha mwisho, mkunga akiwa bado anaeleza.